Jinsi ya Kuanzisha Shirika Tanzu la Ndege la Gharama Nafuu kwa Masafa Marefu

Shirika la ndege linalotaka kuanzisha kampuni tanzu ya gharama nafuu kwa safari za masafa marefu linapaswa kujiuliza, kabla ya kuchagua jina na rangi za ndege, ni gharama ipi hasa itakayopungua. Katika safari fupi jibu ni rahisi: ndege ikikaa uwanjani nusu saa badala ya saa nzima, hadi jioni huwa imepata safari moja ya ziada. Katika safari ya saa 10, nusu saa hiyo haizai safari yoyote. Mafuta hununuliwa kwa bei inayokaribiana kwa wote, rubani wa tatu, na pengine wa nne, huhitajika ili wenzake wapumzike, na wahudumu wote hulala hotelini ng'ambo. Akiba basi itafutwe katika viti, katika saa ambazo ndege iko angani, na katika mapato yasiyotokana na nauli.

Kwenye viti tofauti huonekana mara moja. Zipair, kampuni tanzu ya Japan Airlines, imeweka viti 290 katika Boeing 787-8, vikiwamo 18 vinavyolala kabisa, ilhali shirika mama limewahi kuipanga ndege ya aina hiyohiyo kwa viti 186 katika safari za kimataifa. Scoot, iliyo chini ya Singapore Airlines, ina viti 375 katika 787-9. Ni vyema kutoviondoa viti vyote vya daraja la juu, kwa kuwa safu chache za mbele zinaweza kuleta sehemu kubwa ya mapato ya safari bila kuhitaji huduma ya kifahari. Aidha, sehemu ya shehena chini ya sakafu isichukuliwe kuwa jambo la pembeni: janga la korona lilipozuia abiria mwaka 2020, Zipair ilianza mwezi Juni kwa kubeba mizigo tu kati ya Tokyo na Bangkok, na abiria wake wa kwanza wakapanda mwezi Oktoba. Chakula, begi la ziada na uchaguzi wa kiti viuzwe mapema wakati wa kukata tiketi, maana chakula kisichonunuliwa hubebwa kwa mafuta kisha hutupwa.

Ratiba ndiyo kazi inayohitaji umakini mkubwa kuliko zote, na mara nyingi ndiyo inayopewa muda mdogo. Tuchukue njia ya saa 10 kwenda na saa 10 kurudi, pamoja na saa mbili uwanjani kila upande: jumla ni saa 24 kamili, na ndege moja inaweza kuondoka kila siku kwa wakati uleule. Njia ikiwa ya saa 11, mzunguko unakuwa wa saa 26, kwa hiyo kesho yake ndege itachelewa kwa saa mbili, keshokutwa kwa saa nne, na nafasi iliyotengewa shirika ya kuruka na kutua itakuwa imepita. Kuiegesha ndege hadi siku inayofuata ni kupoteza saa 22. Dawa yake ni kuioanisha njia hiyo na nyingine fupi zaidi. Njia ya saa tisa ina mzunguko wa saa 22, hivyo mbili hizo zinatimiza siku mbili barabara, ila mafundi hawabakiziwi hata saa moja. Njia ya saa saba, yenye mzunguko wa saa 18, inaacha saa nne za matengenezo kila baada ya siku mbili, nayo ndiyo ningeichagua.

Upande wa sheria kuna njia mbili. Kampuni inaweza kuruka kwa cheti cha uendeshaji wa ndege cha shirika mama, kama ilivyofanya Level ya IAG, kundi linalomiliki mashirika ya British Airways na Iberia, mwaka 2017, ilipoanza Barcelona kwa ndege mbili za Airbus A330 zilizoendeshwa na Iberia. Huo ni mwanzo wa haraka, lakini gharama za wafanyakazi hazishuki sana. Ikitaka cheti chake yenyewe, itapitia hatua tano zinazopendekezwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga: mashauriano ya awali, maombi rasmi, ukaguzi wa nyaraka, majaribio mbele ya wakaguzi, na utoaji wa cheti. Ndege ya injini mbili itakayopita umbali wa zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja cha dharura huhitaji kibali cha ziada. Haki za kutua nazo hutegemea mikataba baina ya nchi, kwa hiyo uteuzi wa kampuni mpya uombwe mapema.

Mipaka na shirika mama iwekwe wazi kwa abiria na kwa vyama vya wafanyakazi. Joon ya Air France ilianza kuruka Desemba 2017, na mwaka 2019 ikarudishwa ndani ya shirika mama baada ya uongozi kukiri kwamba chapa hiyo haikueleweka. Kwa upande mwingine, Scoot iliunganishwa na Tigerair, kampuni nyingine ya gharama nafuu ya kundi hilohilo la Singapore Airlines, mwaka 2017, hatua iliyoipa safari fupi za kulisha zile ndefu.

Mwisho, bajeti iwe na ndege ya akiba, au angalau mkataba wa kuipata upesi. Norwegian, shirika la gharama nafuu la Norway lililoacha masafa marefu Januari 2021, lilikuwa limelazimika kukodi ndege za wengine pale injini za 787 zake zilipoleta matatizo. Kwa kampuni yenye ndege tatu, moja ikikwama ng'ambo, theluthi ya ratiba imekufa. Na kwa safari zinazoondoka Umoja wa Ulaya, abiria wa masafa marefu anaweza kudai fidia ya hadi euro 600, ambayo huenda ikazidi nauli aliyolipa.