Kadi ya chanjo ya mtoto imepotea: jinsi ya kuomba nyingine Uganda

Sheria ya Chanjo ya 2017 inamtaka mzazi aoneshe kadi ya chanjo anapomwandikisha mtoto chekechea au shule ya msingi. Wazazi wengi hulikumbuka hilo Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, na kwa wengine huwa wameshachelewa.

Kadi mpya haijazwi kwa maelezo ya mama. Hunakiliwa kutoka daftari la watoto linalobaki kituoni, kwa hiyo kwanza jua daftari liko wapi. Mtoto aliyeanzia hospitali kubwa akamalizia kijijini ana kumbukumbu sehemu mbili. Aliyechanjwa kanisani au chini ya mwembe, siku ya huduma za mkoba, daftari lake lilirudi na wauguzi kwenye kituo walichotoka. Mhudumu wa VHT (timu ya afya ya kijiji) atakutajia kituo hicho.

Kabla ya kwenda, andika tarehe ya kuzaliwa, jina la mama kama lilivyoandikishwa wakati ule, kijiji, na namba ya simu aliyokuwa akiitumia. Jina la mama ndilo muhimu zaidi. Watoto wengi hupata chanjo ya kwanza kabla ya kupewa jina, kwa hiyo daftarini ni “mtoto wa Nakato”, na ukimtafuta kwa jina la shuleni humpati. Kadiria pia miezi ya kupekua: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, miezi 9, na miezi 18. Fika mchana, foleni ya chanjo ikishaisha, muuguzi apate nafasi ya kufungua kurasa.

Ukikabidhiwa kadi, isome hapo hapo. Kila dozi iwe na tarehe yake. Dozi mbili za Penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano, pepopunda ukiwemo) zilizopishana chini ya wiki 4 ni kosa la kunakili au la kuchanja, na lisahihishwe kabla hujaondoka. Usishtuke ukikosa homa ya manjano kwa mtoto mkubwa: iliingia kwenye ratiba ya kawaida 2022, sawa na dozi ya pili ya surua na rubela.

Familia za makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali zilizotoka Kongo zisitupe kadi za Kifaransa. VAR ni surua, VAA ni homa ya manjano, VPO ni matone ya polio, na tarehe zake zinahesabika.

Je, daftari halionekani? Kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu) mkononi linathibitisha BCG peke yake. Kwa chanjo nyingine, mtoto asiye na tarehe huhesabiwa hajachanjwa, naye hupangiwa ratiba ya kufidia kulingana na umri. Kurudia dozi aliyowahi kupata hakumdhuru. Lakini tarehe zikiwepo na dozi zimekatika njiani, haanzi upya: aliyeishia Penta ya pili anapewa ya tatu tu. Kwa kuwa dozi za chanjo moja hupishana kwa angalau wiki 4, mtoto anayeanza bila chochote hawezi kumaliza ndani ya Januari. Kadi iliyojazwa tarehe za kubuni ili shule iridhike haimkingi na pepopunda, na itamfanya muuguzi aruke dozi anazozihitaji.

Uliza pia siku ya surua. Chupa yake ina dozi kadhaa, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, ndiyo maana vituo vidogo huweza kuipangia siku maalumu. Chanjo zote za ratiba ni bure kwenye vituo vya serikali.

Msichana akifika miaka 10 huongezewa chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Hutolewa shuleni na vituoni. Asiyesoma apelekwe kituoni, nayo iandikwe.

Piga picha pande zote za kadi mpya kabla ya kutoka getini, kisha umtumie na mtu mwingine wa nyumbani.