Lori la dizeli linachemsha baada ya kutengenezwa: anzia hapa

Lori lililoingia gereji kwa sababu ya rejeta inayovuja au pampu ya maji iliyochoka, likatoka likichemsha, mara nyingi halina ugonjwa mpya. Ama hewa imebaki ndani ya mfumo wa maji ya kupoza injini, ama kuna kitu kilichofunguliwa ambacho hakikurudi sawasawa. Usiguse silinda hedi (kifuniko kikubwa cha juu ya silinda za injini) kabla ya kumaliza hayo mawili.

Tazama kwanza mshale wa geji unavyokwenda. Ukirukaruka, mara juu mara chini, huku hita ya kabini ikitoa hewa baridi, hiyo ni hewa iliyonaswa. Mshale ukipanda polepole, lori likiwa mlimani au na mzigo tu, shaka iende kwenye mzunguko wa maji au rejeta. Mshale ukipanda lori likiwa limesimama na kushuka likitembea, tatizo ni feni. Ukionyesha joto kali ilhali kipimajoto cha mionzi kikielekezwa kwenye nyumba ya themostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta) kinasoma nyuzi 85, sensa au waya wake ndio mwongo.

Kutoa hewa

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua, kwa sababu maji yenye presha huchemka ghafla presha inapoachiwa na kumrukia aliye karibu. Wala usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi hupasuka.

Egesha pua ya lori ikiwa juu kidogo. Fungua hita mpaka mwisho, kisha legeza skrubu zote za kutolea hewa: huwa kwenye nyumba ya themostati, juu ya rejeta, na kwenye kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) kama kipo. Jaza taratibu, ndoo ya lita 10 isiishe chini ya dakika moja. Maji yakimiminwa kwa haraka hewa hukosa pa kutokea, nayo hujificha kwenye hedi, mahali penye joto kuliko pote. Funga kila skrubu inapotoa maji yasiyo na mapovu, ukianza na ya chini.

Hesabu lita. Mfumo wa lita 40 uliomwagwa wote ukipokea 33 tu, bado kuna nafasi ya lita 7 iliyojaa hewa, isipokuwa kama maji ya zamani yalibaki ndani ya bloku. Mchanganyiko uwe nusu kulanti (dawa ya rejeta), nusu maji yaliyochujwa madini. Washa injini, iache sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, dakika chache, kisha ipandishe hadi mizunguko 1,500 mpaka themostati ifunguke na mpira wa juu upate moto. Zima, acha ipoe kabisa, ongeza. Rudia mara mbili au tatu. Mara moja haitoshi.

Themostati

Ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi 82 na kuwa wazi kabisa takribani nyuzi 10 hadi 15 juu ya hapo. Injini nyingine zina mbili, na mpya moja kando ya kuukuu moja ni chanzo cha shida. Upande wa springi huelekea injini, na kitundu chenye kipini huwekwa juu ili hewa ipite.

Kuitoa kabisa si tiba. Kwenye injini nyingi za dizeli themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji inapopata moto. Ikikosekana, sehemu kubwa ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na lori huchemsha zaidi.

Maji na upepo

Pima joto la maji yanapoingia rejeta na yanapotoka, injini ikiwa moto. Tofauti kubwa mno maana yake maji yanapita kidogo: pampu isiyo yake (mzunguko wa kinyume kwa mkanda uliopita upande mwingine), silikoni ya gasketi iliyoziba mirija, au mpira wa chini unaobonyea injini ikipandishwa kwa sababu springi yake ya ndani haikurudishwa. Tofauti ndogo mno humaanisha upepo haupiti. Angalia kava ya feni kama ilirudishwa, klachi ya feni, na uchafu uliojificha kati ya rejeta na intakula (kipoza hewa ya turbo). Hauonekani ukisimama mbele ya lori.

Mfuniko pia upimwe. Wa bar 1 usioshika presha hushusha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi.

Mapovu yasiyoisha

Mapovu yakiendelea baada ya hewa yote kutoka, mafundi wengi hulaumu gasketi ya hedi. Kwenye lori lenye breki za upepo kuna mshukiwa mwingine: kompresa ya upepo, ambayo hupozwa na maji hayohayo. Hedi yake ikipasuka husukuma hewa kwenye rejeta. Mwaga upepo wa matangi, washa injini, tazama mapovu kompresa ikijaza. Yakipungua au kukoma matangi yanapojaa na kompresa kupumzika, anza na kompresa. Yasipobadilika, tumia kimiminika cha kupimia gesi ya moshi juu ya mdomo wa rejeta. Kikigeuka kutoka bluu kuwa kijani au njano, hapo ndipo hedi ifunguliwe.