Miche 20 ya Nyanya Uani: Ushauri kwa Wakazi wa Tabora

Kila mwaka mvua zinapoanza kukatika, mwezi wa nne hivi, watu wa Tabora mjini na wa vijiji vya Uyui huniuliza swali moja: nipande miche mingapi ya nyanya ili niache kununua mafungu sokoni? Nawajibu 20. Wengi hawaridhiki. Wanataka 100 au 200, kwa kuwa pakiti moja ya mbegu inaitoa. Lakini uani mbegu haipungui. Kinachopungua ni maji na nguvu za mikono. Mche unaozaa unataka kama lita 2 za maji kwa siku katika kiangazi chetu. Miche 20 ni ndoo 2 za lita 20, mzigo ambao familia inaumudu hata bomba likikauka mkarudi kisimani. Miche 200 ni ndoo 20. Mwezi wa tisa ukifika, nani atachota ndoo 20 kila siku? Na mche uliotunzwa vizuri ukitoa kilo 2 au 3, hapo una kilo 40 hadi 60 kwa miezi miwili ya kuchuma. Nyumba ya watu sita inapika mboga kila siku kwa hizo.

Hesabu ya msimu ianzie kwenye mavuno, irudi nyuma hadi kitaluni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Nyanya ya wakati wa mvua ina bei nzuri, lakini majani yanayolowa muda mrefu yanakaribisha ugonjwa wa bakajani, na mnyauko husafiri na maji yanayotiririka kutoka bustani hadi bustani. Mtu wa uani asiyetaka kupuliza dawa kila wiki aiache. Upande wa pili kuna Oktoba, mwezi wa joto kali, ambapo maua hupukutika. Mavuno yako yaingie katikati, Agosti na Septemba. Kwa hiyo sia mbegu wiki ya pili au ya tatu ya Aprili, hamisha miche katikati ya Mei, na nyanya za kwanza zitaanza kubadilika rangi karibu na Nane Nane.

Kwa anayeanza napendekeza mbegu ya Tanya. Ni fupi, haisumbui kwa kupogoa, na ganda lake ni gumu, hivyo hukaa siku nyingi baada ya kuchumwa. Cal J na Roma nazo ni fupi. Money Maker hurefuka, inadai fito ndefu na mtu wa kuondoa maotea, yaani vichipukizi vya kwapani mwa majani, kila wiki. Ni tamu, ila ni kazi.

Mji wetu ni mji wa miembe, na nyua nyingi zina mwembe mmoja au miwili mikubwa. Usipande chini yake wala karibu nao. Nyanya inataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 kwa siku au zaidi, na mizizi ya mwembe itakunywa maji uliyoyachota kwa ajili ya mboga. Simama uani saa nne asubuhi, kisha saa tisa alasiri, uone kivuli kinaangukia wapi. Sehemu ambayo nyakati zote mbili ina jua ndiyo bustani yako.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa mtu wa Lushoto huenda si kubwa, ila kwetu huku linaua nyanya kuliko wadudu: tumbaku. Nyanya na tumbaku ni mimea ya ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja huingia kwa mwenzake. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa udongo mweusi, laini, umechekechwa vizuri, kutoka kwenye kitalu cha zamani cha tumbaku kijijini. Nikajaza mashimo yote. Miche ilishika, ikasimama imara mwezi mzima. Kisha ikaanza kulegea mchana na kuamka jioni. Nikazidisha maji. Majani yakageuka manjano, matunda yakabaki madogo kama gololi. Nilipong'oa mche mmoja nikaona mizizi imejaa vinundu, kama tangawizi ndogondogo zilizotungwa kwenye uzi. Hiyo ndiyo minyoo fundo. Yenyewe huioni kwa macho, unaona vinundu tu, na hadi hapo imechelewa. Miche yote ilikufa bila kunipa hata bakuli moja. Tangu hapo siruhusu udongo wa kitalu cha tumbaku uingie uani kwangu, hata ukiwa mzuri namna gani. Udongo wetu ni wa kichanga, na minyoo hii inaupenda mchanga. Dawa yake ni samadi iliyooza vizuri na kubadilisha mazao. Sehemu iliyokuwa na nyanya mwaka huu, msimu ujao panda karanga. Usirudishie nyanya hapo, wala mbilingani, nyanya chungu, pilipili, mnavu au viazi mviringo, maana zote hizo ni ukoo ule ule.

Ugonjwa wa batobato, unaoletwa na kirusi na kutia majani mabaka, ni mgeni mwingine wa tumbaku. Unakaa miaka ndani ya jani lililokauka. Anayefunga tumbaku mabanini, kwenye vibanda vya kuikaushia, au anayevuta sigara au kunusa ugoro, akija kushika miche bila kunawa, ameupanda ugonjwa kwa vidole vyake. Nawa kwa sabuni na maji mengi kabla ya kupandikiza na kabla ya kuondoa maotea. Ukiwa na maziwa kidogo, chovya mikono ndani yake wakati unahamisha miche; maziwa hukizuia kirusi hicho kisiambukize. Na kamba zilizofungia tumbaku zisitumike kufungia nyanya kwenye fito. Najua zinapatikana bure. Tumia vipande vya khanga kuukuu, tena ni laini kwa shina.

Kitalu cha miche 20 ni beseni kuukuu lililotobolewa chini, au mita moja ya tuta. Changanya udongo wa msituni na samadi iliyooza, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 10, weka mbegu kina cha sentimita 1, funika kwa nyasi kavu. Zikichomoza, baada ya siku 5 hadi 8, toa nyasi siku hiyohiyo, la sivyo miche itarefuka kama uzi. Sia mbegu 40 ili uchague 20 bora. Wiki ya mwisho punguza maji ili miche ikomae. Ikiwa na majani 4 au 5 na shina nene kama penseli, iko tayari.

Hamisha jioni. Shimo moja na jingine viachane sentimita 60, na kati ya mstari na mstari sentimita 75 au zaidi ili upite bila kugusa majani. Kila shimo litie makopo mawili ya samadi iliyooza, ile isiyotoa harufu wala joto ukiishika, na uichanganye na udongo. Kisha zika shina hadi karibu na majani ya kwanza. Wengi wanaogopa kuzika shina. Usiogope, kwa kuwa shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi, na mche wenye mizizi mingi unakivumilia kiangazi. Tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina. Maganda ya karanga hapa Tabora hutupwa kwa magunia, chukua.

Mama mmoja wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini, alinijia mwaka jana na nyanya tatu mkononi, nzuri kwa juu, nyeusi na zimedidimia kwa chini.
"Mwalimu, shikamoo. Huu ni ugonjwa gani? Nimepulizia dawa mara mbili."
"Marahaba, mama. Unamwagilia lini?"
"Nikipata maji. Siku nyingine ndoo nne, siku nyingine sina."
Hapo ndipo palipo na tatizo. Kuoza kitako si ukungu, na hakuna dawa ya kupuliza inayokiponya kitako kilichooza. Tunda linahitaji chokaa, yaani kalsiamu, nayo hupanda na maji kutoka kwenye mizizi. Maji yakija leo na kukosekana siku tatu, chokaa haifiki kitakoni, ambako ni mbali zaidi. Mche ule ule ukinyweshwa ghafla maji mengi baada ya ukame, nyanya zinazokaribia kuiva hupasuka. Nilimshauri agawe ndoo zake, kidogo kila siku, asubuhi, shinani, bila kulowesha majani. Asiye na uhakika wa kuwepo nyumbani atoboe kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu kwa sindano, akate kitako cha chupa, aichomeke kichwa chini pembeni ya mche na kuijaza. Maji yatadondoka taratibu.

Wadudu wa uani wanamalizwa na macho kabla ya dawa. Pita kila asubuhi ugeuze majani. Ukiona jani lina mabaka meupe yanayopitisha mwanga, na ndani yake kifunza kidogo, huyo ni kantangaze. Chuma jani, litie kwenye mfuko, fukia mbali. Usiku weka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa, vipepeo wake wataingia. Majani yenye vitone vya njano na utando kama wa buibui yana utitiri mwekundu, anayependa vumbi la kiangazi. Mwoshe kwa maji ya sabuni chini ya jani. Mche uliojikunja juu kama kichwa cha rasta hauponi. Ng'oa, maana nzi weupe wataupeleka ugonjwa wake kwa wenzake. Na mche unaonyauka ghafla majani yakiwa bado mabichi, kata shina karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama moshi ukishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, na usipande ukoo wa nyanya hapo kwa miaka kadhaa. Ukilazimika kupuliza dawa, nunua iliyoandikwa nyanya kwenye kibandiko, na uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Dawa ya tumbaku iliyobaki isiguse mboga ya watoto wako. Nasisitiza hili kwa sababu nimeiona ikipulizwa.

Kuchuma ndiko ninakoona hasara kubwa, kwa kuwa watu wanangoja nyanya iwe nyekundu yote juu ya mche. Hakuna haja. Kijani chake kikianza kufifia na kitako kikiona wekundu kidogo, mfano wa shavu la embe, nyanya imemaliza kupokea kutoka kwa mama yake; itaiva ndani ya nyumba bila kupoteza ladha. Ukiiacha, ndege, kantangaze na jua vinaingia kwa zamu. Septemba joto likipita nyuzi 30, nyanya iliyoachwa juu ya mche haipati hata wekundu wake, hubaki ya rangi ya chungwa. Chuma kila baada ya siku mbili au tatu, asubuhi umande ukishakauka. Shika tunda kwa kiganja, weka dole gumba kwenye kifundo kidogo kilichopo katikati ya kikonyo, inua kidogo na uzungushe. Linakatikia hapo lenyewe. Usivute, utararua tawi lenye maua ya wiki ijayo.

Zipange kwenye ungo au kreti, safu mbili tu, upande wa kikonyo ukiangalia chini, mahali penye kivuli na hewa. Ukizijaza kwenye ndoo, za chini zitapondeka na kuziozesha za juu. Usizioshe hadi siku ya kupika. Friji si mahali pa nyanya ambayo haijaiva, baridi huiharibia ladha na kuizuia kuiva vizuri. Ukitaka chache ziive haraka, ziweke kwenye kikapu pamoja na ndizi mbivu na ufunike.

Wiki ambazo zinazidi, kata vipande vya unene wa nusu sentimita, nyunyiza chumvi kidogo, anika kwenye chekecheke safi chini ya chandarua. Anayejua kuanika michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukausha, hashindwi na hili. Jua la Septemba linazikausha kwa siku tatu au nne hadi zinakunjika kama ngozi, kisha zinakaa kwenye chupa iliyofungwa vizuri hadi mvua zinapoanza na nyanya sokoni kupanda bei.

Mawingu ya kwanza ya Novemba yakikusanyika, chuma zote zilizobaki, hata za kijani zilizokomaa, na ung'oe miche yote mara moja. Usiiache isimame ikilowa. Kabla ya kuichoma, kung'uta udongo na uangalie mizizi ya kila mmoja, ishirini yote. Iliyo safi na myeupe, andika. Yenye vinundu, chomeka kijiti palepale ulipoung'oa, na sehemu hiyo ipate karanga mvua ikinyesha.