Kuomba shahada ya uuguzi: hatua kwa hatua, na miaka yenyewe ni mingapi

Kila anayenijia kuuliza kuhusu uuguzi huanza na swali lilelile: ni miaka mingapi? Vipeperushi vya vyuo humjibu kwa tarakimu moja, 3 au 4, naye hupanga maisha yake kwa tarakimu hiyo. Mimi ni muuguzi, na kila msimu wa udahili huwa nawasaidia waombaji kukusanya nyaraka na kujaza fomu. Tarakimu ya kipeperushi inahesabu tangu siku ya kwanza darasani hadi mtihani wa mwisho wa chuo. Wewe unapaswa kuhesabu tangu siku unayoanza kutafuta vyeti hadi siku jina lako linapoingia kwenye daftari la wauguzi, kwa sababu kabla ya hapo huruhusiwi kumhudumia mgonjwa kama muuguzi. Kati ya hesabu hizo mbili mara nyingi kuna mwaka mzima, na nimeona ikifika miwili. Muda huo haupotei kwenye masomo. Unapotea kwenye maungio: cheti kilichochelewa, dirisha la maombi lililofungwa, saa za wodini zilizopungua.

Hatua ya 1: Amua unaomba njia ipi

Neno "shahada" halimaanishi muda uleule kila mahali. Kenya na Tanzania, shahada ya kwanza ya uuguzi ni miaka 4 ya chuo, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi chini ya usimamizi, hospitalini. Uingereza ni miaka 3 kwa wengi. Marekani na Kanada kwa kawaida ni miaka 4. Nchi za Umoja wa Ulaya zinafungwa na agizo la 2005/36/EC, linalotaka mafunzo ya muuguzi yasipungue miaka 3 na saa 4,600, nusu ya saa hizo angalau ziwe za mafunzo kwa vitendo kwa wagonjwa.

Zipo pia njia za mkato, na hapa ndipo watu wengi huumia. Ukiona tangazo la shahada ya uuguzi ya miezi 12 au 18 nchini Marekani, soma mstari wa chini: inamhusu mtu ambaye tayari ana shahada ya fani nyingine. Mwaka wake mmoja umekaa juu ya miaka 4 aliyokwisha kusoma. Si uongo, ila si jibu la kijana anayetoka sekondari.

Njia ya ngazi kwa ngazi ni ya heshima, na kwa asiye na uwezo wa kukaa chuoni miaka 4 mfululizo mimi huipendekeza bila kusita. Marekani, mwenye shahada ndogo ya miaka 2 hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, unaofanywa na mwenye shahada ya miaka 4, kisha hujiendeleza akiwa kazini kwa mwaka mmoja au miwili. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 inayowapa wauguzi wapya miaka 10 tangu wapate leseni ili wawe wamefikia shahada kamili. Kwa njia hiyo jumla ya miaka huwa mingi, lakini miaka kadhaa kati ya hiyo unakuwa umevaa sare na unalipwa. Stashahada yako ya uuguzi pia inaweza kukupunguzia muda chuo kikipokea masomo uliyokwisha kufanya. Omba upunguziwe kwa maandishi, wakati wa kutuma maombi. Ukisubiri hadi uwe umesajiliwa mwaka wa kwanza, utaambiwa umechelewa.

Hatua ya 2: Pima sifa zako kabla hujalipa ada ya maombi

Chukua matokeo yako ya sekondari, uyaweke mbele yako pamoja na masharti ya chuo. Biolojia na kemia ndizo hutazamwa kwanza, kisha fizikia au hisabati, na lugha ya kufundishia. Tazama alama ya kila somo, usitazame wastani tu. Mwenye wastani mzuri aliyeanguka kemia huwa anakataliwa na mfumo kabla mtu yeyote hajasoma jina lake.

Vyuo vya Marekani huongeza masharti ya awali: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, takwimu. Masomo hayo hufanywa kabla ya kuingia kwenye programu yenyewe na huweza kula mwaka. Baadhi ya vyuo pia havipokei alama za sayansi zilizozeeka, kwa hiyo uliza mapema alama zako zinakubalika hadi lini. Ukigundua una pengo, rudia somo lile moja mwaka huu. Ni bora kuliko kuomba bahati nasibu misimu miwili.

Hatua ya 3: Hakikisha baraza la wauguzi linaitambua programu hiyo

Hatua hii ni ya dakika chache, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Chuo hutambuliwa na mamlaka mbili tofauti. Moja inasema kwamba hiki ni chuo halali. Nyingine, baraza la wauguzi na wakunga la nchi husika, inasema kwamba wahitimu wa programu hii wanaweza kusajiliwa kuwa wauguzi. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kwanza kikakosa cha pili, au kikawa nacho kwa stashahada pekee wakati wewe unaomba shahada.

Ingia kwenye tovuti ya baraza, tafuta orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa, soma jina la programu neno kwa neno, na tazama kibali kinaisha lini. Kama jina halipo, liandikie baraza lenyewe na utunze jibu. Usikubali maneno ya "kibali kiko njiani" kutoka ofisi ya udahili. Nimekaa na binti aliyemaliza miaka yake yote, amefaulu vizuri, akaambiwa hana mahali pa kusajiliwa. Sikuwa na la kumwambia.

Hatua ya 4: Kusanya nyaraka miezi 6 hadi 9 kabla ya dirisha kufunguliwa

Nasema miezi 6 kwa sababu inayohesabika. Vyuo vingi na karibu hospitali zote za mafunzo zinataka uthibitisho wa chanjo ya homa ya ini B. Ratiba yake ya kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Hakuna rushwa wala machozi yanayoweza kuharakisha mwili kujenga kinga. Anayeanza chanjo siku ya kupokea barua ya udahili hubaki nyuma wenzake wanapoingia wodini.

Kisha majina. Mimi mwenyewe nilipoteza msimu mzima wa udahili kwa herufi moja: cheti cha kuzaliwa kiliandikwa kwa "y", cha sekondari kwa "i". Chuo nilichoomba kilirudisha faili langu bila maelezo, na nilipojua kosa liko wapi dirisha lilikuwa limefungwa. Panga vyeti vyako vyote mezani: cha kuzaliwa, vya shule, kitambulisho, pasipoti. Soma jina herufi kwa herufi, na mpangilio wake, na tarehe ya kuzaliwa. Palipo na tofauti, tengeneza hati ya kiapo au badilisha jina kisheria sasa hivi, kabla hujagusa fomu. Tofauti hiyo usipoiondoa leo utakutana nayo tena kwenye usajili wa baraza, na tena siku utakapoomba leseni ya nchi nyingine.

Vilivyobaki ni vya kawaida: nakala zilizothibitishwa, picha za pasipoti, ripoti ya daktari, hati ya polisi ya kutokuwa na makosa ya jinai, barua za wadhamini wa kitaaluma. Hati ya polisi na ripoti ya daktari huwa na ukomo wa muda, basi zitafute mwishoni. Vyeti vya nchi nyingine vinahitaji kufanyiwa ulinganifu na mamlaka ya mitihani ya nchi unakoomba, kwa hiyo vitangulize.

Hatua ya 5: Tuma maombi

Vyuo vingi hupokea wanafunzi wa uuguzi mara moja kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kuchelewa siku moja ni kuchelewa mwaka mmoja. Tuma wiki ya kwanza ya dirisha, mfumo ukiwa bado haujaelemewa, na utunze namba ya maombi pamoja na risiti ya malipo. Omba zaidi ya chuo kimoja. Kule Uingereza, ambako maombi ya vyuo vikuu hupitia mfumo mmoja uitwao UCAS, unaruhusiwa kuchagua hadi vitano.

Ukitakiwa kuandika maelezo binafsi, usiandike kwamba umependa uuguzi tangu utotoni. Wasomaji wa barua hizo wameuona mstari huo hadi macho yamechoka. Eleza kitu ulichokifanya kwa mikono yako: ulimuuguza nani, kwa muda gani, nini kilikuwa kigumu, ulijifunza nini. Anayeandika kwamba alimgeuza bibi yake kitandani kila saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo amekwisha kuwaonyesha anaijua kazi anayoiomba.

Hatua ya 6: Ukidahiliwa, linda saa zako

Siku za mwanzo uliza kama baraza linataka wanafunzi waandikishwe. Kenya, kwa mfano, mwanafunzi hupewa namba ya indeksi na baraza mwanzoni mwa mafunzo. Usiache jambo hilo mikononi mwa chuo pekee, fuatilia hadi uione namba yako.

Kuanzia hapo, kinachoamua utamaliza lini si mitihani peke yake. Chukua mfano wa Uingereza: saa 2,300 za nadharia na saa 2,300 za vitendo. Kwa zamu za saa 8, hizo za vitendo ni karibu zamu 288. Ukiugua malaria ukakosa wiki mbili, au ukajifungua, au ukafiwa, darasa linaweza kukusubiri kwa notisi za wenzako, lakini zamu hazikopeshwi. Utazilipa, na mara nyingi utazilipa likizo au baada ya wenzako kuhitimu. Mjulishe mratibu siku ileile unayokosa, omba tarehe ya kufidia kwa maandishi, na kila zamu ikiisha hakikisha kitabu chako cha mazoezi ya wodini kimetiwa saini kabla msimamizi hajaondoka wodini. Saini ya kutafuta baada ya miezi mitatu ni kazi ya kukimbizana na watu waliohamishwa.

Anayesoma nusu muda, huku anafanya kazi au analea, ahesabu miaka 5 hadi 6 na aulize ukomo wa chuo, kwa kuwa vyuo vingi vina mwaka ambao ukiupita usajili wako unafutwa.

Hatua ya 7: Kutoka mtihani wa mwisho hadi leseni

Weka sasa hesabu yako pamoja. Miezi 9 ya nyaraka na maombi. Miaka 4 ya chuo. Kusubiri matokeo na kupangiwa kituo. Mwaka wa utarajali, kwa nchi zinazoutaka. Mtihani wa baraza na usajili. Hapo umefika miaka 6, na hujafeli somo wala kukosa zamu hata moja. Ukiwa na familia inayokungojea, waambie namba hiyo tangu mwanzo.

Mtihani wa leseni nao una kalenda yake. Kwa NCLEX-RN unasubiri kwanza kibali cha kuufanya, na ukishindwa unangoja angalau siku 45 kabla ya kurudia. Uufanye kichwa kikiwa bado na moto wa masomo. Wanaopumzika nusu mwaka kwanza huniambia walilazimika kusoma upya famakolojia, yaani somo la dawa, yote.

Baraza kwa kawaida hutaka hati ya matokeo itoke moja kwa moja chuoni, si mkononi mwako. Basi wiki yako ya mwisho chuoni, kabla hujafunga mizigo, nenda ofisi ya masjala ujaze fomu ya kutumwa hati hiyo, lipia, chukua jina la ofisa na tarehe aliyokuahidi, kisha baada ya siku 14 piga simu barazani uulize kama bahasha imefika.