Kabla hujaiandika upya tovuti ya PHP kwa Go, washa OPcache

Jana nilikuwa Mkunazini na mdogo wangu mmoja, tovuti yake ya kukodisha vyumba vya wageni nzito, keshaamua kuivunja yote aiandike kwa lugha ya Go. Ngoja kwanza, washa OPcache, akiba iliyomo ndani ya PHP yenyewe. Fungua php.ini, faili la mipangilio ya PHP; kama PHP yako ni ya kabla ya toleo la 8.5, tafuta mstari wa zend_extension=opcache, uondoe nukta-mkato iliyo mbele yake. Weka opcache.enable=1, kisha zima na uwashe PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP kwenye seva. Hakikisha kwa phpinfo(), inayoonyesha mipangilio ya PHP.

Msimbo wa Go hugeuzwa kuwa lugha ya mashine mara moja tu, kabla haujapanda kwenye seva. PHP isiyo na akiba husoma faili na kulichambua upya kila mgeni anapobisha hodi. Ukitumia mfumo mkubwa kama Laravel, hayo ni mafaili mamia kwa ukurasa mmoja! OPcache, inayokuja na PHP tangu toleo la 5.5 la 2013, huweka matokeo ya uchambuzi huo kwenye kumbukumbu, kazi isirudiwe.

Haitakufaa ikiwa muda unaliwa na hifadhidata: swali moja kwa kila chumba, jedwali halina faharasa. Hapo hata Go itakaa kusubiri vilevile. Hesabu nzito za mizunguko maelfu, hizo kweli mpe Go. Na ukiweka opcache.validate_timestamps=0, yaani OPcache isikague kama faili limebadilika, kila ukipandisha msimbo mpya washa upya PHP-FPM, la sivyo wageni wataendelea kuona bei za zamani zilizoandikwa ndani ya msimbo.