Somo: Kumtambua nondo mwenye alama ya fuvu

Nondo huyu mkubwa, anayevutwa na taa za barazani hapa Tanga, kitaalamu anaitwa Acherontia atropos, na Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, ndiye aliyemweleza mwaka 1758. Wengi humtambua kwa alama ya fuvu iliyo mgongoni, wakaishia hapo. Nashauri alama hiyo itazamwe mwisho, kwa sababu vumbi la mwilini hupukutika, na nondo aliyechakaa huenda asiwe na fuvu la kuonekana.

Hatua ya kwanza ni familia. Mwili mnene uliochongoka nyuma, pamoja na mabawa ya mbele membamba na marefu kuliko ya nyuma, ni dalili za Sphingidae.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi: kumtenga na Agrius convolvuli, jamaa yake wa kijivu ambaye viwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Mguse taratibu kwa ujiti ili afunue mabawa. Ubavuni mwa tumbo Agrius ana mabaka ya waridi, ilhali Acherontia ana ya manjano yaliyotengwa kwa pete nyeusi. Kisha chunguza mrija wa kunyonyea: wa Agrius ni mrefu kupita mwili wake, lakini wa Acherontia ni mfupi na mnene, kwa kuwa huutumia kutoboa masega na kunyonya asali. Akilia kama panya anapoguswa, shaka imekwisha.

Hatua ya tatu ni nyepesi. Jenasi hii, yaani kundi la Acherontia, ina spishi tatu tu, na styx na lachesis ni za Asia, kwa hiyo wa hapa kwetu ni atropos.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Huku Lushoto nimeona kiwavi wa kijani mwenye pembe nyuma, kwenye viazi mviringo. Ndiye?

Jibu: Marahaba. Yaelekea ndiye, ila usitegemee rangi, kwani wapo pia wa manjano na wa kahawia. Tazama pembe: ikiwa na vinundu na ncha iliyojipinda, ni atropos.

Swali: Akiingia mzingani, mbona nyuki hawamwui?

Jibu: Mwili wake una mafuta yenye harufu inayofanana na ya nyuki wenyewe, kwa hiyo mara nyingi hawamtambui kuwa ni mgeni.

Swali: Nyumbani wanamwogopa, wanasema analeta msiba. Je, ana sumu?

Jibu: Hana sumu, haumi wala hachomi. Tafadhali msimwue, zimeni taa, naye ataondoka.