Nyama ikicheza, pima nguvu

Mtu akishajulikana kwenye soko la Kiboriloni, hapa Moshi, kwamba anafanya tiba ya viungo, hawezi tena kuchagua mtumba kwa amani. Umeinama kwenye rundo, mtu anakunja suruali akuonyeshe goti. Magoti nimeyazoea. Wanaoongezeka ni hawa wengine: "Dada, nyama inacheza yenyewe hapa, hebu angalia." Naangalia, imeshaacha. Mwenyewe macho mekundu, maana usiku kucha alikuwa kwenye simu akisoma habari za magonjwa ya kulemaza, na sasa anataka nimwambie kabakiza muda gani.

Walio wengi wanachohitaji ni usingizi. Ila sipendi kumwambia mtu "nenda kalale" kabla sijampima, na vipimo ninavyoanza navyo havitaki mashine. Unaweza kuvifanya nyumbani leo jioni.

Jua kwanza unachokiona

Msuli una mafungu ya nyuzi, na kila fungu linaongozwa na neva moja inayotoka kwenye uti wa mgongo. Neva hiyo ikichoka au ikichokozwa, hurusha umeme kidogo bila kuagizwa na ubongo. Fungu lake linaruka, ngozi inacheza juu yake, lakini kiungo hakiendi popote. Washa taa pembeni ya kigimbi cha mtu aliyetoka kukimbia utaona: ni kama uji wa ulezi unapoanza kuchemka, hapa panafumka, pale panafumka, kisha kimya. Watu wengi wenye afya njema hupata hali hiyo, kwenye kope, kigimbi, paja, bega, hata kidole gumba. Huonekana zaidi umetulia kitandani, kwa sababu mchana una mengine ya kufikiria.

Hiyo ni tofauti na mkono mzima unaotetemeka. Ni tofauti pia na msuli unaokaza kwa maumivu usiku hadi unaruka kitandani, ingawa mkazo huo na nyama inayocheza ni ndugu na mara nyingi huja pamoja. Na kama mkono au upande wa mdomo unaruka kwa mapigo yanayofuatana, tena yanapanda kutoka kidoleni kuelekea begani, hicho kinaweza kuwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Mtu anaweza kukipata akiwa na fahamu zake zote na anaongea. Huyo aende hospitali hata kama kimekoma.

Kope ina kesi yake. Bibi yangu wa Kibosho alikuwa na hakika kwamba jicho la kulia likicheza mgeni anakuja. Mama mkwe, mtu wa Tanga, anasema la kulia ni habari njema na la kushoto ni kilio. Mimi nauliza mtu amelala saa ngapi na anaangalia simu mpaka saa ngapi. Kope ya chini ikicheza kwa siku kadhaa, hata wiki, kwa kuja na kuondoka, iache. Muone daktari kama jicho linajifunga kabisa, kama kope imelegea, kama jicho ni jekundu au linatoa uchafu, au kama mchezo umeshuka shavuni na kona ya mdomo ya upande huo huo. Huo wa kushuka shavuni mara nyingi ni mshipa wa damu unaogusa neva ya uso, na una matibabu.

Usihesabu, pima

Watu wengi huanza kuhesabu: leo imecheza mara ngapi, jana mara ngapi. Idadi haikuambii lolote la maana, na kadiri unavyotega sikio ndivyo unavyozidi kuisikia. Swali langu ni moja: kuna kitu ulichokuwa unakifanya na sasa mwili unakataa?

Vua viatu, simama karibu na ukuta usije ukaanguka. Tembea kwa visigino, vidole vikiwa juu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Rudi kwa ncha za vidole. Simama kwa mguu mmoja uinue kisigino mara kadhaa, kisha mguu wa pili. Kaa kwenye kigoda cha jikoni, kunja mikono kifuani, inuka bila kujishika. Kwa mikono, funga vifungo vya shati, zungusha ufunguo kwenye kufuli gumu, kamua tambara la deki. Bana karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada mtu aivute, halafu linganisha na mkono wa pili. Mwisho sema "pataka, pataka, pataka" haraka, na unywe glasi ya maji. Maneno yakitoka yale yale ya kawaida yako na maji yakapita bila kukupalia, sawa.

Ukimaliza, angalia umbo. Upande mmoja kuwa mwembamba kidogo si ajabu, kila mtu ana mkono anaoutumia zaidi. Kinachonishtua ni nyama inayopungua: paja linalopwaya kwenye suruali upande mmoja, au lile bonde kati ya kidole gumba na cha shahada likiwa limebonyea ilhali la mkono wa pili limejaa.

Na leta ndala zako. Kweli kabisa, mgonjwa wangu akiingia naomba kuona soli. Ndala ya mtu mwenye mguu unaoburuza imelika ncha ya mbele, pale kwenye kidole gumba, wakati kisigino bado kina michoro. Mwenyewe anasema "najikwaa tu siku hizi" au "ndala inachomoka nikitembea," wala haoni kama ni ugonjwa. Mguu wa namna hiyo unahitaji daktari hata kama hakuna nyama iliyocheza. Inaweza kuwa kisukari kimegusa neva, inaweza kuwa neva imebanwa mgongoni au pembeni ya goti.

Mama mmoja wa Marangu alikuja kwa ajili ya bega. Katikati ya mazungumzo akasema ng'ombe siku hizi anamkamulia mjukuu, kwa kuwa mkono wa kulia unachoka kabla chuchu haijaisha maziwa. Nikamwomba anyooshe mikono mezani. Bonde la kulia lilikuwa limezama, na ndani yake nyama ilikuwa inacheza taratibu. Yeye mchezo huo hakuwahi kuujali. Kilichomsumbua ni maziwa. Nilimpa barua ya rufaa, na kule wakakuta neva imebanwa kwenye kiwiko.

Ule ugonjwa wanaousoma kwenye simu

Upo, unaitwa ALS. Ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli kufa polepole. Ulimpata Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyefariki mwaka 1941, na mwanafizikia Stephen Hawking, aliyeambiwa anao mwaka 1963 akiwa na miaka 21 na akaishi hadi 2018. Ni nadra: huko Ulaya walikohesabu, wagonjwa wapya ni kama 2 au 3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wengi wao wameshapita miaka 50. Kwa kawaida hauanzi na kope inayoruka. Huanza na mkono unaodondosha vitu, mguu unaoburuza, au ulimi mzito, na hali hiyo haipoi, inazidi mwezi hadi mwezi.

Madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani waliwafuatilia watu 121 waliokuwa na misuli inayocheza bila udhaifu wowote, wengine kwa miaka 2, wengine hadi 32. Taarifa yao ilitoka mwaka 1993: hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo. Kwa hiyo ukipima nguvu zikawa sawa, rudia baada ya mwezi mmoja, si kila asubuhi.

Vitu vya kurekebisha

Usingizi kwanza, na sitauelezea sana. Kahawa ndiyo yenye maneno. Wazee wetu Uchagani waliilima na kuiuza, nyumbani wakanywa mbege. Sisi ndio tumeanza kuinywa kwa fujo. Kijana wa ofisini anapiga kahawa asubuhi, kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu mchana, na jingine usiku kwa ajili ya mpira. Punguza taratibu, ukikata ghafla kichwa kitakuuma siku mbili tatu.

Wapagazi wanaoshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka najua watakuja mapaja yakicheza. Kushuka na mzigo kunachosha paja kuliko kupanda, na wengi wao hunywa maji kidogo njiani. Maji, chumvi kidogo kwenye chakula, mtori au machalari (vyakula vyetu vya ndizi), mboga za majani, maharage, karanga, na siku za kupumzika. Ndizi na mboga hizo zina potasiamu na magnesi, madini ambayo neva huyahitaji ili itulie.

Kisha nauliza dawa. Dawa ya pumu ya kuvuta, ile ya kufungua kifua, inaweza kuchezesha misuli na kutetemesha mikono. Kama unaivuta kila siku, shida ni pumu isiyodhibitiwa, rudi kliniki. Vidonge vya presha vinavyokojoza vinaweza kushusha potasiamu. Usiviache mwenyewe, nenda ukapimwe damu. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi shingoni akaanza kusikia mchonyoto mdomoni na vidole kujikunja, asingoje kesho. Huenda kalisiamu imeshuka.

Vidonge vya vitamini B, vile ambavyo kila duka la dawa linakupa ukisema tu neno "neva", havitibu kope inayocheza. Na vitamini B6 kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu huharibu neva zenyewe, mtu akaishia na ganzi aliyokuwa anaikimbia. Chale ndiyo usiniulize kabisa.

Ya kukimbia nayo

Hili nalisema kwa ajili ya wanaolima nyanya na vitunguu huku tambarare, na wanaopulizia kahawa huko juu. Mtu ametoka kupulizia dawa ya wadudu, nyama zinacheza mwili mzima, jasho linamtoka, mate na machozi yanamjaa, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, anatapika au anaharisha, kifua kinabana. Hiyo ni sumu, na inaweza kumuua kwa kumkata pumzi. Mtoe shambani. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Usimpe maziwa, usimtapishe. Beba chupa ya dawa au lebo yake na umpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Wana sindano ya atropini. Nguo zile zisirudi nyumbani kwenye beseni la watoto.

Saa hiyo hiyo pia: udhaifu wa ghafla wa mkono, mguu au uso upande mmoja, kushindwa kumeza au kupumua, taya kukaza baada ya jeraha. Wiki hiyo: udhaifu unaokua, nyama inayopungua, ganzi inayopanda, au msuli mmoja unaocheza pale pale zaidi ya wiki 2 bila kutulia.

Ukienda, anza kituo cha afya cha karibu au hospitali ya Mawenzi hapa Moshi; wakiona inabidi, watakuandikia rufaa ya KCMC, hospitali kubwa zaidi. Chukua video ya simu nyama inapocheza, maana mbele ya daktari itaacha, hiyo ndiyo tabia yake. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za kienyeji. Tegemea kupimwa sukari, madini ya damu, figo na tezi ya shingoni. Kipimo cha umeme wa misuli huagizwa pale tu daktari anapoona udhaifu au ana shaka. Na vaa suruali inayopanda hadi juu ya goti, kwa sababu daktari atataka kuona mapaja yote mawili kwa wakati mmoja, na zile za kubana zinachukua nusu ya muda wako chumbani kuvuliwa.